Legnano na Kiapo cha Mwaka 1167

Milan, mji mkubwa wa kaskazini mwa Italia, ulikuwa na majirani wengi na marafiki wachache. Mwaka 1111 watu wake waliubomoa mji wa Lodi, na Lodi haikusahau. Kaisari Frederick Barbarossa alipouzingira Milan hadi ukasalimu amri mwaka 1162, aliwaachia watu wa Lodi, Como, Pavia na Cremona kazi ya kuuvunja, kila kundi na upande wake.

Muda si muda, nira ya Kaisari ikawalemea wote. Maofisa wake walitoza kodi nzito na kutawala miji iliyozoea kujichagulia viongozi. Mwaka 1167 mahasimu wakala kiapo, wakaunda Muungano wa Lombardia. Mwezi Aprili mwaka huohuo, wapiganaji wa Bergamo, Brescia na Cremona wakawasindikiza watu wa Milan kurudi katika mji wao uliovunjwa.

Mtihani mkubwa ulikuja 29 Mei 1176, huko Legnano, kaskazini-magharibi mwa Milan. Wapanda farasi wa Muungano walizidiwa na jeshi la Kaisari, wengi wakakimbia. Askari wa miguu wakalizunguka Carroccio, gari la maksai lililobeba bendera, wakapanga ngao na mikuki, wasibanduke mpaka wapanda farasi walipojikusanya na kurudi. Barbarossa akaangushwa, ikadhaniwa amekufa. Siku chache baadaye akaibuka Pavia akiwa hai. Kwa mkataba wa Konstanz wa mwaka 1183, aliiruhusu miji ichague viongozi wake na kujenga kuta, nayo ikamtambua kuwa mkuu wake.

Legnano huiadhimisha siku ya vita hivyo kila Mei kwa Palio. Mashindano hayo ya mitaa yalianza mwaka 1935, yakakatizwa na vita, yakarejea 1952. Mitaa minane huandamana kwa mavazi ya karne ya 12, Carroccio likikokotwa na maksai weupe. Kisha wapanda farasi hushindana bila matandiko. Mtaa unaoshinda huuweka msalaba wa ushindi kanisani kwake kwa mwaka mzima.

Mwanahistoria atasifu mikuki ya Legnano, na ana haki. Mimi naona ushujaa mkubwa zaidi ulikuwa ule wa Aprili 1167: watu wa Milan walikubali kurudishwa nyumbani na watu wa Cremona, waliokuwa wamewavunjia kuta. Bila hilo, Legnano isingekuwa na cha kusherehekea.