Mkwaju wa Katabi na Makuhani wa Mezani

Mwaka 1974 Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka huohuo, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson waliingiza sokoni kisanduku chenye vijitabu vitatu vya mchezo wao, Dungeons & Dragons. Waliochora mipaka ya hifadhi na waliotunga kanuni za mchezo hawakuwa na habari za wenzao. Hata hivyo, pande zote mbili zilikuwa zimegusa swali ambalo watu wa magharibi mwa Tanzania walikuwa wamelijibu zamani: mtumishi wa mungu ana nguvu juu ya nini, na nani aliyempa?

Katika mchezo ule watu huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, na dadu huamua nani ameshinda na nani ameanguka. Kuhani aliingia kwa sababu ya dharura. Kwenye meza ya Arneson kule Minnesota, mchezaji mmoja alikuwa na mhusika mnyonya damu aliyeitwa Sir Fang, na hakuna aliyemweza. Ikabidi apatikane mtu wa kumkabili kwa nguvu za kimungu. Kanuni za 1974 zilimkataza kuhani kushika silaha yenye makali, akabaki na rungu. Tena alipoanza hakuwa na uganga wowote. Dua yake ya kwanza ilikuja alipopanda ngazi ya pili. Ilibidi kwanza aonekane anafaa.

Milki, yaani maeneo ya nguvu ambayo mungu humpa kuhani wake, zilikuja baadaye. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilimtaka mchezaji ateue milki mbili kati ya zile za mungu wake, na likaruhusu jambo ambalo mzee yeyote wa matambiko angelicheka: kuhani asiye na mungu, mwenye milki mbili alizojichagulia mwenyewe. Kitabu cha 2014 kilibakiza milki moja kwa kila kuhani, na kikaorodhesha saba za kuchagua: elimu, uhai, nuru, maumbile, tufani, hila na vita. Mchezaji alisoma orodha, akapima faida, akateua. Dakika kumi zilitosha.

Tuseme sasa kijana wa Kawajense, kata ya Manispaa ya Mpanda, anataka kuingia mezani na kuhani wa Katabi, roho wa kwao. Hahitaji kwenda mbali kutafuta habari zake. Barabara ya kwenda Sumbawanga inashuka hadi Sitalike, yalipo makao ya hifadhi, kisha inakatiza ndani ya hifadhi yenyewe. Humo limo Ziwa Katavi, na karibu na ziwa upo mkwaju ambao wenyeji husimulia kuwa ni makazi ya Katabi na mkewe Wamweru. Wengine humtaja Katabi kama mwindaji mashuhuri wa kale. Watu wamekuwa wakiacha sadaka shinani mwa mti huo na kuomba baraka.

Kijana atachagua milki gani? Maumbile yataonekana kufaa, kwa sababu ya mwindaji. Lakini ziwa lenyewe litamsumbua. Masika, Mto Katuma hufurika na Katavi huwa ziwa kwelikweli. Kiangazi, sehemu kubwa hugeuka mbuga ya nyasi, na viboko hubanana kwa mamia katika vidimbwi vya matope vilivyobaki mtoni. Mwenye mahali kama hapo ana mkono katika mvua, malisho, mawindo na njaa kwa pamoja. Ugumu mwingine ni kwamba maumbile ya kitabuni hayana mpaka: kuhani wake ana nguvu zilezile awe msituni au pwani. Katabi ana ziwa lake na mti wake. Ukifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, uko kwa wenyewe wengine. Kitabu hakina milki iitwayo “hapa”.

Huo ndio mgawanyo mkubwa wa zamani katika ukanda huu, kuanzia kwa Wapimbwe na Wakonongo hadi Ufipa: roho ilikuwa na kilima, ziwa, msitu au mti, na waliotumikia pale walitumikia pale tu. Ufipa hata chatu aliheshimiwa kama umbo la roho ya mahali. Utumishi ulifuata ukoo. Aliyezaliwa nje ya ukoo huo angeweza kuwa hodari kuliko wote kijijini na bado asiguse tambiko.

Simulizi la Milansi linaonyesha jinsi mgawanyo huo ulivyoweza kushinda hata utawala. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alilikuta likisimuliwa kila upande. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni, akakaa Milansi chini ya mlima Itweelele. Siku moja mtawala wa Milansi akiwa mawindoni, wakafika wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwa. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwonya mkewe kuhusu kigoda cha enzi. Mke akakitoa, mgeni akakikalia, na nchi ikawa ya Watwa. Lakini Milansi haikufutwa. Ilibaki na kijiji chake, ardhi yake ya jirani na mamlaka ya kidini, na falme za Watwa, Nkansi na Lyangalile, ziliendelea kuihitaji katika mambo ya kutawaza. Aliyekuja na nguvu alipata vita, kodi na hukumu. Mwenyeji alibaki na ardhi kama kitu kitakatifu. Watunzi wa michezo wangefurahi kubuni mapatano ya namna hiyo.

Anayetaka orodha inayofanana zaidi na ya kitabuni sharti avuke hadi Buganda. Kule Mukasa alikuwa na ziwa, Kibuuka vita, Kiwanuka radi, Walumbe kifo, Musisi matetemeko ya ardhi, Ddungu mawindo. Ni kana kwamba Gygax aliisoma kabla ya kuandika, ingawa hakuna haja ya kudhani hivyo; watu wengi duniani wamegawa miungu yao kwa kazi. Tofauti iko kwa watumishi. Hekalu la Buganda lilikuwa na kabona, aliyetunza nyumba na kupokea sadaka, na mmandwa, aliyepandwa na mungu na kusema kwa sauti yake. Mchezo umewabana wote wawili ndani ya mtu mmoja, na kumwongezea rungu. Kibuuka mwenyewe aliishia kuwa na historia ya ajabu kuliko ya mezani: vitu vyake vitakatifu vilichukuliwa na mmisionari John Roscoe, vikawekwa makumbusho ya Cambridge, na vikarudi Uganda mwaka 1962, mwaka wa uhuru.

Unyamwezini palikuwa na njia nyingine, nayo ilipita kwenye maradhi. Mtu aliugua, au alifiwa mfululizo, au mkewe hakushika mimba. Akaenda kwa mfumu, na ramli ikasema kuna pepo anayemtaka. Dawa ilikuwa kuingia katika chama cha Buswezi, kuchezwa, kupewa jina jipya na kufundishwa siri za chama. Hapo hakuna aliyeteua chochote. Aliyeteuliwa ndiye mgonjwa, na mara nyingi alikuwa amekataa kwanza hadi mwili ukamshinda.

Kisha wakaja watu waliokuwa na milki zao kwenye karatasi. Karema ilianza mwaka 1879 kama kituo cha jumuiya ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe. Askofu wao Adolphe Lechaptois alizunguka nchi hii kwa miaka mingi, na mwaka 1913 akachapisha kitabu cha Kifaransa kuhusu watu wa kandokando ya Tanganyika, pamoja na imani ambazo kazi yake ilikuwa kuziondoa. Wakatoliki nao walikuwa na orodha yao: Antoni wa Padua kwa vilivyopotea, Blasi kwa maumivu ya koo, Barbara kwa wachimba migodi na wanaoogopa radi. Mtoto wa Karema aliyebatizwa hakuwa mgeni kabisa wa wazo la mtakatifu mwenye kazi yake. Kigeni kilikuwa kwamba Antoni hana kilima, na anaombwa Mpanda kama anavyoombwa Roma.

Mtu wa Karema anayekaribia zaidi milki ya uhai hakuwa hata padri. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe na kusomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa daktari na katekista, akaoa huko, akatibu watu wa ufukweni hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956.

Serikali nazo ziligawa. Wajerumani waliweka eneo la Katavi chini ya ulinzi wa wanyama mwaka 1911, Waingereza wakaliendeleza kama pori la akiba la Rukwa. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika nzima, na mamlaka yao yakaenda kwenye halmashauri. Hifadhi ya 1974 ilipanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi kilomita za mraba 4,471, na mkwaju ukawa ndani ya ardhi ambayo mtu haishi wala halimi.

Mezani, toleo la 2024 limesogeza uteuzi wa milki kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Kuhani sasa hutumika kwanza, ndipo ajue ni wa nini. Wazee wa Buswezi wangeona walau hapo watu wameanza kuelewa. Kijana wetu wa Kawajense ana ngazi mbili za kufikiri. Na kuna jambo jingine la kumtatiza. Machi 2012, Mpanda na wilaya jirani zilitengwa na Rukwa kuwa mkoa mpya, nao ukapewa jina la Katavi. Roho iliyokuwa na ziwa moja na mti mmoja sasa jina lake limetandazwa juu ya zaidi ya kilomita za mraba 45,000, kuanzia bonde la Rukwa hadi Karema kwenyewe, pamoja na kila mtaa wa Kawajense. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais.