Mashini ya kufulia yenye mufuniko juu: ile gani itadumu Butembo na Beni?

Mashini ya kufulia nguo si kitu cha ajabu tena Butembo wala Beni. Zinaingia kupitia Kasindi zikitoka Kampala na bandari ya Mombasa, ao zinaletwa na wafanya biashara wetu wenye kufuata mali hadi Dubai na Guangzhou. Kuna mupya zenye katoni, kuna za mukono wa pili zenye vumbi la kontena. Jamaa inaweka dola kidogo kidogo miezi mingi, inanunua, na isipokuwa na bahati, kabla ya mwaka kuisha mashini imekuwa meza ya kuwekea mabidoni.

Mara nyingi mashini yenyewe haikuwa mbaya. Ilitengenezwa kwa nyumba yenye robineti inayotoa maji usiku na muchana, na umeme usiopanda wala kushuka. Hapa kwetu nyumba za namna hiyo ni chache. Ndiyo maana, mbele ya kuuliza ni jina gani linadumu, uliza nyumba yako maswali mawili: maji yanatoka wapi, na umeme wake uko namna gani?

Majibu yataelekeza wengi wetu kwa mashini ile ambayo wauzaji wanaiweka nyuma ya magazini: ile ya mapipa mawili, ya plastiki, yenye vifungo vya kuzungusha na mukono.

Aina nne, zote zinafunguliwa juu

Ya kwanza ni hiyo ya mapipa mawili. Upande mumoja unafua, upande mwingine unakamua. Chini ya pipa la kufulia kuna sahani ya plastiki inayozunguka, mara kushoto mara kulia, ikivutwa na mukanda wa mupira kutoka kwa moteri. Pipa la kukamulia lina moteri yake. Saa za kuhesabu dakika ni za springi, kama zile saa za zamani. Maji unamwaga wewe mwenyewe na bidoni, na yanatoka kwa tiyo iliyolala chini. Nguo unazihamisha na mukono. Kazi ya mutu haiishi, lakini kusugua na kukamua, zile zinazochubua vidole na kuumiza mugongo, zinaisha.

Ya pili ni ya otomatiki ya pipa moja: unaweka nguo, unabonyeza, unaenda. Ndani yake kuna kadi ya elektroniki, valvu ya kuingiza maji, pompi ya kuyatoa kwa zilizo nyingi, na pipa lililoning'inia kwa vyuma vinne vyenye springi. LG, Samsung, Hisense na Haier zote zinatengeneza aina hii, na zinauza pia za mapipa mawili, kwa hiyo jina peke yake halikuambii unanunua nini.

Ya tatu ni ile ya Kimarekani, yenye nguzo ya katikati iliyo na mabawa. Kampuni kama Speed Queen ya muji wa Ripon, Wisconsin, zilipata sifa juu ya mashini hizi, maana ndani yake ni vyuma vizito. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini za nyumbani kule Marekani zinatumia umeme wa volti 120 na herzi 60. Wetu ni volti 220 na herzi 50. Wengi wanafikiri transfo inamaliza shida. Transfo inapunguza volti tu, herzi haizigusi. Moteri ya herzi 60 ikila herzi 50 inazunguka polepole, inakosa mbio karibu sehemu moja kwa sita, na inapata moto. Mukiletewa zawadi ya namna hiyo na ndugu wa Amerika, ni heri aiuze kule na kutuma pesa.

Ya nne inatoka Ubelgiji na Ufaransa, kwa mukono wa pili: nyembamba, mulango juu, lakini ndani kuna pipa lililolala kama la mashini za mulango wa mbele. Volti zake zinatufaa. Shida ni kwamba inapasha maji moto yenyewe, na chuma cha kupasha kinakula wati 2000 hivi, wakati mashini ya mapipa mawili inaomba mara nyingi wati 300 hadi 500 tu. Kwa nyumba yenye abonema ndogo, umeme unakatika kila mara. Kwa panneau za jua za nyumbani, usijaribu.

Nani atachota?

Kujaza pipa la kufulia mara moja, kwa mashini ya kilo 7 hivi, kunaomba bidoni mbili hadi tatu za litre 20. Kisha kusuuza, mara moja ao mbili. Ile ya otomatiki inamwaga maji na kujaza mengine kila hatua, na kazi moja inaweza kupita litre 100. Kama uko Bulengera ao Mulekera na maji yanatoka kwenye chemchem chini ya kilima, hizo ni safari tano ao sita za mutu, na tunajua mutu huyo ni nani: mama, ao musichana aliyetoka masomo. Mashini iliyonunuliwa ili kumupumuzisha inaweza kumuongezea muzigo.

Hapo mapipa mawili yanashinda kabisa, juu maji yanabaki mukononi mwako. Anza na nguo nyeupe, kisha za rangi, kisha za shamba na za garaje, zote kwa maji yaleyale ya sabuni. Maji ya kusuuzia leo asubuhi ndiyo ya kufulia muchana. Mvua ikinyesha, weka fiti chini ya mabati: maji ya mvua hayana chumvi za udongo, sabuni inatoa povu haraka na hauhitaji nyingi.

Kwa otomatiki kuna jambo lingine lenye kusahaulika. Valvu yake inataka maji yasukume. Kitabu chake mara nyingi kinaomba angalau bari 0,3, na mita moja ya urefu inatoa bari 0,1 tu. Tanki iliyowekwa juu ya ngazi ya mita mbili inatoa bari 0,2: maji yanaingia polepole sana, mashini inangoja, inaandika kosa kwenye kioo, inasimama. Utaambiwa imekufa, kumbe ina kiu. Zile nyingi zinakubali kumwagiwa maji kwa ndoo kupitia mulango, lakini ukifanya hivyo kila juma, umelipa bei ya otomatiki ili ufanye kazi ya mapipa mawili.

Mwenye robineti inayotoka vizuri na tanki iliyo juu kweli, na stabilizateri, anaweza kununua otomatiki bila woga.

Umeme, na kibandiko cha nyuma

Virunga Energies ilianza na mutambo mudogo wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka wa 2013, ikafuata Matebe huko Rutshuru mwaka wa 2015, na baadaye Luviro kwenye wilaya ya Lubero. Nyumba nyingi leo zina umeme ambao wazazi wetu hawakuwa nao. Hata hivyo, kutoka mutambo hadi ukuta wa nyumba yako kuna nyaya nyingi, na kuna majirani waliojiunga kwa waya mumoja mwembamba. Jioni, kama taa inafifia na friji inashindwa kuanza, moteri ya mashini nayo itashindwa: itanguruma bila kuzunguka, na moteri yenye kunguruma bila kuzunguka inaungua kwa dakika chache. Fua asubuhi ao muchana, wakati watu wengi hawapikii umeme.

Mbele ya kutoa pesa, geuza mashini usome kibandiko cha nyuma. Unatafuta maneno 220-240 V na 50 Hz. Ukiona 100 V, ni ya Japani. Kule umeme ni volti 100, na mashini hiyo ukiichomeka ukutani kwetu haitamaliza dakika moja. Ukiona 110 ao 120 V na 60 Hz, tumeshasema. Kibandiko kikiwa kimetolewa ao kimekwaruzwa, acha mashini pale ilipo, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Stabilizateri isiwe ndogo. Moteri ikianza inavuta umeme mara kadhaa kuliko wati zilizoandikwa, kwa hiyo kwa mashini ya wati 500 chukua ya VA 2000. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika tano ndiyo uchomeke tena, maana pigo la kwanza la umeme unaorudi ndilo linaua kadi za elektroniki. Mashini ya springi haina kadi ya kuua. Umeme ukirudi, unazungusha kifungo tena na unaendelea.

Jambo moja halina bei: waya wa ardhini. Maji, umeme na miguu isiyo na viatu juu ya simiti iliyolowa vinaweza kuua mutu. Ukigusa mashini na kusikia vidole vinasisimuka, usiseme "ni kidogo tu". Chomoa, ita fundi, apige fimbo ya chuma ardhini, aunge waya wa mashini hapo, na aweke dijonkteri yenye kukata umeme ukivuja.

Kuijaribu mukiwa magazini

Muuzaji mwenye imani na mali yake hatakataa ndoo mbili za maji. Weka gazeti kavu chini ya mashini, mwaga maji kwa pipa la kufulia, ngoja nusu saa. Gazeti likilowa katikati, mupira wa chini ya sahani umechoka, na maji hayo yanaelekea kwa moteri. Kwa mashini ya mukono wa pili, huo ndio ugonjwa wa kwanza.

Kisha iwashe. Sahani inapaswa kugeuka pande zote mbili. Ikigeuka upande mumoja tu, saa ya springi ao nyaya zina shida. Washa pipa la kukamulia likiwa tupu, sikiliza: sauti inyooke, isigonge. Fungua kifuniko likiwa linazunguka. Breki inapaswa kulisimamisha kwa sekunde chache. Breki isiyoshika ni hatari kwa watoto, wanaingiza mukono kwa kucheza. Breki hiyo ni kamba na kipande kidogo tu, fundi anaitengeneza, lakini ipunguze bei.

Uliza pia kama mukanda, kondensateri na saa vinapatikana mujini. Hivi vitatu ndivyo vinavyokufa, na kwa mapipa mawili vinafanana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Moteri ikiungua, mafundi wa kubobina wanaweza kuifufua, kama nyaya zake ni za shaba. Za alumini zinauzwa bei ya chini na hazivumilii moto. Kuziona si rahisi, lakini kati ya mashini mbili za ukubwa mumoja, ile nzito zaidi mara nyingi ndiyo yenye shaba. Kadi ya otomatiki ikiungua, unatafuta ya aina ileile kabisa, pengine Kampala, na bei yake inaweza kukufanya ufikirie kununua mashini nyingine.

Juu ya kilo: namba kwenye katoni ni ya nguo kavu, na ni ya upande wa kufua. Pipa la kukamulia linabeba kidogo kuliko hapo. Nyumba nyingi za Beni zimepokea ndugu waliokimbia vijiji tangu mauaji ya Oktoba 2014, na watu kumi na zaidi chini ya paa moja si ajabu. Kwa nyumba kama hiyo chukua kilo 10 ao zaidi, lakini blanketi nzito usitegemee kuikamua humo. Ikijaa upande mumoja, pipa linatikisika hadi linavunja misingi yake.

Bei hatuandiki. Inabadilika na ushuru, na barabara ya Kasindi, na dola. Omba fakture yenye jina la mashini, namba yake, na siku za garanti zilizoandikwa, si za mudomo.

Ikifika nyumbani

Ile ya otomatiki isafirishwe imesimama. Ikilazwa juu ya pikipiki kutoka Butembo hadi Beni, vyuma vinne vinavyoning'iniza pipa vinaweza kuchomoka, na garanti haitalipa. Ya mapipa mawili inavumilia zaidi, ila funga pipa la kukamulia lisigongegonge.

Iweke juu ya simiti iliyosawazika, mbali na mvua. Kisha fikiria panya. Chini ya mashini nyingi za mapipa mawili pako wazi, pana giza na joto, na panya wanapenda nyaya. Katoni ikiwa na kifuniko cha chini, kifunge siku ileile; isipokuwa nacho, kata kipande cha waya wa neti.

Sabuni ya kipande inafaa, ukiikwangua na kuiyeyusha kwa maji ya moto kwanza, bila vipande kubaki. Javeli ndiyo ya kuangalia. Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, nyumba nyingi zimezoea kutia klori kwa kila kitu. Kwa mashini, kidogo, kwa nguo nyeupe tu, na usuuze pipa kisha, maana klori inakula mipira na kutia kutu kwenye vyuma. Toa muchanga kwa nguo za shamba mbele ya kuzitia, tafuta sarafu na misumari mifukoni, na ukimaliza acha kifuniko wazi pakauke.

Mukanda ukianza kulia kama paka, usingoje ukatike. Fundi anausogeza kwa kulegeza misumari miwili ya moteri, kazi ya dakika kumi.