Habari ya Kalamu, Toka Utete Hata Biki

Mtu apitaye asubuhi katika njia za Temeke, Mbagala, Kinondoni au Manzese huona watoto wengi waendao shule, kila mmoja na kalamu yake. Kalamu hiyo imenunuliwa kibandani kwa sarafu chache. Itatumika siku kadha wa kadha, kisha itatupwa. Wala hapana astaajabuye. Lakini katika mambo ya watu wetu jambo hili ni geni, tena ni kubwa. Tangu zamani bei ya kalamu, na ustadi wa kuitumia, vilipambanua nani aandike neno lake mwenyewe, na nani amwendee mwingine amwandikie.

Neno kalamu tumelipokea kwa Waarabu, na katika Kiyunani neno lililo ndugu yake maana yake ni utete. Wazee wa pwani walikata utete, wakauchonga ncha kwa kisu kikali, wakaipasua ncha ile katikati ili wino ushuke polepole. Wino waliufanya kwa masizi na gundi. Kwa kalamu za namna hiyo watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika barua za Kiswahili zilizo za zamani mno, ziko zilizotoka Kilwa tangu mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa mpaka leo huko Goa katika Bara Hindi. Utete wenyewe haukuwa na bei, kwa kuwa humea mtoni. Vilivyokuwa ghali ni karatasi iliyotoka ng'ambo, na elimu ya kuandika. Kwa hiyo kalamu ilikaa mikononi mwa waalimu wa vyuoni, makadhi, na makarani wa matajiri.

Kisha ikaja kalamu ya chuma. Katika mji wa Birmingham, Uingereza, tangu miaka ya 1820 na 1830, mafundi kama Joseph Gillott na Josiah Mason walitengeneza ncha za chuma kwa mashine, hata bei yake ikashuka sana. Shule za misioni na za serikali zilipofunguliwa katika nchi yetu, watoto wadogo waliandika juu ya vibao vya mawe, na wakubwa wakachovya kalamu ya chuma katika kidau. Lakini kalamu hii ilikuwa na kamba mguuni, nayo ni kidau chenyewe. Mwenye kuichovya hana budi kukaa penye meza, na wino karibu, na karatasi ya kukaushia. Hivyo kuandika kulifungwa shuleni, misioni na bomani.

Kamba hiyo ilikatwa na kalamu ibebayo wino wake yenyewe. Lewis Waterman wa New York alipata hati ya serikali kwa kalamu yake mwaka 1884. Ndani yake mna mifereji myembamba. Wino hushuka kwa huo kidogo kidogo, na hewa hupanda kushika mahali pake, basi wino haumwagiki ovyo. Ni kazi ya akili nyingi, lakini zilizo bora zilikuwa na ncha ya dhahabu, na bei yake si ya mchukuzi wa bandarini. Vitongoji vya Temeke na Magomeni vilipojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kalamu iliyochomekwa katika mfuko wa shati ilikuwa alama ya karani na mwalimu. Asiyekuwa nayo alibeba maneno yake kinywani, akamwomba mwenye nayo amwandikie barua. Basi siri ya nyumba yake ilipita kwanza katika masikio ya mtu mwingine.

Mageuzi yaliletwa na László Bíró, Mhungaria aliyekuwa mwandishi wa magazeti. Aliona ya kuwa wino wa kupigia chapa hukauka upesi, lakini ni mzito, haupiti katika ncha iliyopasuliwa. Akaweka gololi ndogo nchani; ikizunguka huuchukua wino na kuupaka juu ya karatasi. Mwaka 1938 alipata hati ya kazi yake. Mwaka 1945 kalamu za gololi ziliuzwa New York kwa dola 12.50 moja, yaani bado ni mali ya wenye nazo. Bali mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa alianza kuuza kalamu ya plastiki iliyo rahisi kabisa, na jina la kampuni yake ndilo tulilolifanya biki.

Tutazame sasa iliyotendeka kwetu. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika mia hapa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoanza mwaka 1970, walibaki 39 katika mia mwaka 1975, na 27 mwaka 1977. Kufikia mwaka 1986 hawakutimia hata 10. Sisemi kwamba kalamu ndiyo iliyowafundisha. Waliowafundisha ni waalimu, na bidii ni yao wenyewe. Lakini madarasa yale yalikuwa chini ya miti, viwandani na barazani, jioni baada ya kazi. Nani angaligawa vidau huko? Penseli na kalamu rahisi zilimfuata mwanafunzi mahali alipo.

Hata hivyo urahisi na utupaji si jambo moja. Kalamu za Hero kutoka Shanghai zilikuwa za bei nafuu, na mwenye nayo aliijaza wino miaka mingi. Siku hizi kampuni ya Pilot ya Japani hutengeneza hata kalamu ya wino wa maji ambayo ukiisha, kalamu nzima hutupwa. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini miili ya kalamu ingali huanguka mitaroni, ikachukuliwa na mvua hata Msimbazi na baharini. Tena tufanye hesabu. Tuseme kalamu ni shilingi 300, na mtoto hupoteza moja kila juma. Kwa majuma 40 ya shule ni shilingi 12,000. Kwa watoto watatu ni shilingi 36,000. Kitu rahisi kikipotezwa kila juma, si rahisi tena.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo mama wa genge la Tandika aweza kuandika deni lake kwa mkono wake, asimwombe karani. Hiyo ndiyo faida ya kalamu rahisi, wala tusiidharau. Basi wazazi, tuwafundishe watoto kuitumia mpaka tone la mwisho. Na sisi waalimu, tuweke kopo mezani kwa kalamu zilizookotwa, ili mtoto aliyekuja mikono mitupu apate ya kuandikia, asirudishwe nyumbani. Kumnyima somo kwa ajili ya kitu cha shilingi 300 ni kuurudisha ule mlango uliochukua karne nyingi kufunguliwa.