Jiwe, Mtungi na Ubao: Zana za Nguvu katika Nyumba za Okinawa

Historia ya taifa haimo katika habari za wafalme na vita peke yake. Imo pia katika vyombo vya kawaida ambavyo watu walivishika kila siku kwa mikono yao. Katika insha hii tutatazama vyombo vichache vya kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani, ambavyo wenyeji walivichagua ili kuujenga mwili kwa ajili ya karate. Havikuwa vyombo vya thamani kubwa. Lakini namna vilivyochaguliwa ina mafunzo kwa kijana wa leo anayetamani kununua vyuma vizito kabla hajajiuliza vitamfaa kwa kazi gani.

Zamani Okinawa ilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, na bandari yake ya Naha ilifanya biashara na China, Japani na nchi za Kusini-Mashariki ya Asia. Mwaka 1609 ufalme huo ulivamiwa na watawala wa Satsuma kutoka Japani, na mwaka 1879 serikali ya Japani iliufuta kabisa. Katika kisiwa hicho mbinu za wenyeji za kupigana zilikutana na mbinu za Wachina, na humo ndimo ilimozaliwa karate. Wengi wamezoea kusikia kwamba karate ilibuniwa na wakulima walionyang'anywa silaha. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haisemi kweli yote. Walimu mashuhuri wa zamani walikuwa aghalabu watumishi wa wafalme. Sokon Matsumura alikuwa mmoja wao, na Anko Itosu alikuwa karani. Itosu ndiye aliyeiingiza karate shuleni mwanzoni mwa karne ya 20, na katika waraka wake wa mwaka 1908 aliyahimiza mazoezi ya kupiga ubao.

Hata hivyo, wako pia waliotoka katika jamaa za kazi. Kanryo Higaonna, aliyezaliwa Naha mwaka 1853, alikuwa mtoto wa jamaa iliyosafirisha kuni kwa majahazi. Alivuka bahari kwenda Fuzhou, China, kujifunza, kisha akarudi kufundisha kwao. Mwanafunzi wake Chojun Miyagi (1888–1953) naye alikwenda Fuzhou mwaka 1915. Mtindo alioukuza ulikuja kuitwa Goju, yaani ugumu na ulaini. Pamoja na mtindo huo yalistawi mazoezi ya zana yaitwayo hojo undo, maana yake mazoezi ya kusaidia. Jina hili lina uzito wake: zana ni msaidizi, haiwi bwana.

Tuanze na chishi, jiwe lililopachikwa mpini wa mti. Kwa kuwa uzito wote uko upande mmoja, jiwe hukivuta kifundo cha mkono, nao mkono hulazimika kulizuia. Ukishika karibu na jiwe, ni jepesi. Ukishika mbali nalo, huwa zito, ingawa jiwe ni lilelile. Hivyo mtu mmoja mwenye jiwe moja alikuwa na mizani nyingi, wala hakuhitaji kununua jingine kila nguvu zake zilipoongezeka.

Mtungi nao ulikuwa chombo cha nyumbani. Katika mazoezi haukubebwa kichwani wala kwa mpini, bali ulishikwa ukingoni kwa ncha za vidole, mmoja kila mkono, na mtu akatembea polepole huku mabega yameshuka na mgongo umenyooka. Vidole vilipozoea, aliongeza mchanga kidogo. Mapigano ya karibu yanahitaji mkono unaoweza kukamata na kuvuta wakati miguu inasonga, na mtungi ulifunza mambo hayo yote kwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa msemo huo ulikuwa ndiyo mazoezi yenyewe.

Makiwara ni ubao uliosimikwa ardhini na kufungwa kamba ya majani ya mpunga pale ngumi inapotua. Sehemu ya juu huchongwa iwe nyembamba ili ubao unepe. Ubao usionepa ni sawa na ukuta, na ukuta haufunzi kitu ila kuumiza. Walimu hawana budi kukumbuka kwamba mifupa ya kijana bado inakua, na kupiga kitu kigumu kwa nguvu kunaweza kumdhuru.

Wala Waokinawa hawakukataa vya wageni. Tangu mwaka 1900 wengi wao walikuwa wamehamia Hawaii kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miyagi aliwatembelea mwaka 1934, na inasimuliwa kwamba aliona huko pete kubwa ya chuma waliyoitumia wanamieleka. Aliipenda, akaiingiza katika mazoezi yake, kwa sababu ilifanana na kazi ya kumsukuma na kumzungusha mtu.

Kisha vikaja vita. Kuanzia Aprili hadi Juni 1945 Okinawa iliteketezwa, na inakadiriwa kwamba raia wapatao 100,000 walikufa. Miyagi alipoteza watoto wake watatu, na pia Jinan Shinzato, mwanafunzi aliyetarajiwa kuwa mrithi wake. Mwishoni mwa mwaka huo wafinyanzi wa mtaa wa Tsuboya walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuruhusiwa kurudi Naha, ili wawafinyangie watu vyombo vya kulia. Mitungi iliweza kufinyangwa tena, na mawe yaliokotwa. Lakini ujuzi aliokufa nao Shinzato haukuweza kuokotwa popote. Miyagi aliyebaki akaanza kufundisha upya.

Leo mtindo wa Goju una wafuasi hata hapa Dar es Salaam. Kijana anayetaka kujijengea nguvu nyumbani na afuate utaratibu wa wazee wale. Kwanza ajiulize ni tendo gani la mchezo wake lililo dhaifu: kushika, kusukuma, au kusimama imara. Pili achague chombo kinachofanana na tendo hilo, kiwe mtungi, au debe lenye mchanga, au saruji iliyomiminwa katika kopo na kutiwa mpini. Tatu aanze na uzito anaoweza kuumudu bila kupinda mgongo, auongeze taratibu. Na kabla ya yote hayo amtafute mwalimu, maana chombo hakimwambii mtu kwamba anakosea.