Mirerani: Maji, Moshi na Mashimo Yasiyo na Daftari

Machimbo ya tanzanite ya Mirerani, wilayani Simanjiro, yana miaka mitatu ambayo wachimbaji wa zamani, waitwao wanaapolo, huitaja kwa mfululizo: 1998, 2002 na 2008. Maji yaliua mara mbili, hewa mara moja.

Madini hayo yaligunduliwa mwaka 1967 na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikayaingiza sokoni. Machimbo yalitaifishwa 1971, kisha eneo likagawanywa kuwa vitalu vinne, A hadi D, wachimbaji wadogo wakijazana zaidi katika B na D. Hayo yameandikwa sana. Namna watu wanavyofia humo imeandikwa kidogo.

Shimo la Mirerani halishuki wima. Hufuata mkanda wa madini, likipinda na kubana mpaka mtu atambae, mamia ya mita chini ya ardhi, katikati ya miamba ya kinywe inayomtoa mchimbaji mweusi kuanzia kope hadi kucha. Juu hunguruma kompresa. Ndiyo inayoendesha mashine ya kutoboa mwamba, na mpira wake ndio unaopeleka hewa chini. Baruti ikishalipuliwa, moshi wake wenye kaboni monoksidi hutuama kwenye vichochoro. Bila hewa ya kuusukuma, mtu hulegea kabla hajajua kinachomsibu. Juni 2002 mtambo wa hewa ulishindwa kazi na takriban watu 40 wakafa kwa kukosa pumzi.

Mafuriko yalikuja kwa njia nyingine. Kila mmoja akifukuzia mkanda uleule, mashimo ya jirani hukutana chini kwa chini. Mitobozano hiyo imezaa ugomvi usiokwisha: nani kavuka mpaka, jiwe ni la nani. Ugomvi uliosikika zaidi ni wa wachimbaji wadogo na kampuni iliyokuwa Kitalu C. Ulifika kwa mawaziri na kuundiwa kamati. Karibu mara zote kilichopimwa kilikuwa mpaka wa leseni. Kwamba tundu linalopitisha mwizi wa mawe hupitisha pia maji na moshi, hilo lilisubiri mvua.

Mvua za El Niño zilishalionyesha Aprili 1998. Idadi ya waliokufa ilitajwa kwa namna nyingi, wengine wakifika 200, kwa sababu mashimo mengi hayakuwa na daftari la walioingia. Mwishoni mwa Machi 2008 mvua ya usiku iliingia tena mashimoni. Zaidi ya watu 60 walikufa, na kazi ya kuvuta maji na kutafuta miili ikaendelea kwa wiki kadhaa, ndugu wakisubiri juu.

Baada ya hapo, kazi kubwa iliyofanywa na serikali ni ukuta wa kilomita 24.5, uliojengwa na jeshi na kuzinduliwa na Rais John Magufuli Aprili 2018. Ulijengwa kuzuia utoroshaji wa madini, na kwa hilo umesaidia. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuza mawe mawili kwa zaidi ya Sh bilioni 7.7, yakapimwa hadi gramu. Usahihi huo, kwa bahati mbaya, haukutumika kuwahesabu watu waliokuwa mashimoni maji yalipoingia.

Sheria ipo. Ya usalama na afya mahali pa kazi ni ya 2003, ya fidia kwa wafanyakazi ni ya 2008, na waajiri walianza kuchangia mfuko wake 2015. Lakini wanaapolo wengi hawana mshahara; mfadhili hutoa chakula, dizeli na baruti, nao hungoja mgawo jiwe likitoka. Asiye kwenye orodha ya mishahara hachangiwi, na akivunjika mguu au mgongo, matibabu hutegemea huruma ya mfadhili na michango ya wenzake. Wanaougua mapafu kwa vumbi la silika hugundulika baada ya miaka, wengi wao pamoja na kifua kikuu, na hospitali ya Kibong'oto ndiyo inayowapokea.