Musoma, Bunda na Butiama: Vivutio vya Mara vinavyopitwa na wengi

WASAFIRI wengi wanaotumia barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, mpakani mwa Tanzania na Kenya, huuona Mkoa wa Mara kupitia dirisha la basi. Ni hasara kwao, kwani katika eneo linaloweza kuzungukwa kwa siku mbili au tatu zimo mbuga ya Serengeti, Ziwa Victoria na kaburi la Baba wa Taifa.

Kwa anayetoka Mwanza, kituo cha kwanza huja kabla hata ya kuufikia mji wa Bunda. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti lipo kando kabisa ya barabara ya lami. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763, na mwaka 1981 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Watalii wengi huingilia upande wa Arusha, hivyo ukanda huu wa magharibi huwa mtulivu zaidi. Kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu hufika Mto Grumeti, ambako mamba wakubwa huwasubiri. Bunda yenyewe ni mji wa kula, kulala na kubadilisha gari. Anayetaka kwenda kisiwani Ukerewe bila kurudi Mwanza huanzia hapo, akaelekea kivuko cha Kisorya.

Musoma, makao makuu ya mkoa, imejengwa juu ya rasi iliyoingia ziwani. Majabali makubwa yamepangana ufukweni, na kwa kuwa ziwa lipo magharibi, jua huzama majini. Mwigobero ndiko kwenye shughuli za samaki na mitumbwi. Sato aliyevuliwa alfajiri huwa mezani mchana, kwa ugali.

Wengi hukaa ufukweni wakasahau Shule ya Msingi Mwisenge. Hapo ndipo Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alipoanza darasa la kwanza mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Alitokea Butiama, safari ya takriban kilometa 40 ambayo leo gari huimaliza kwa chini ya saa moja.

Butiama ndiyo inayobaki kichwani kwa muda mrefu, ingawa haina fahari ya kumshangaza mgeni. Makazi ya familia yapo Mwitongo, jina la Kizanaki lenye maana ya mahame, yaani mahali palipokuwa na mji wa zamani. Yamezungukwa na miamba wanamoishi pimbi. Hapo ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipozikwa Oktoba 1999, baada ya kufariki London Oktoba 14 mwaka huo, karibu na makaburi ya wazazi wake.

Mwalimu alikuwa na nyumba aliyojengewa na chama, na nyingine aliyojengewa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ya pili ilikuja mwishoni mwa maisha yake, naye hakuikalia muda mrefu. Pia ipo maktaba yake binafsi yenye maelfu ya vitabu, jambo lisiloshangaza kwa mtu aliyemtafsiri Shakespeare akiwa madarakani. Baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, huku ndiko alikolima.

Jirani yapo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka huo huo wa 1999. Humo zimo picha, mavazi na zawadi alizopewa akiwa kiongozi. Upo pia msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kuwa makao ya mzimu wao. Mgeni haingii kwa pupa. Ni vyema kuongozana na mwenyeji.

Kijiji hiki kimewahi kuwa kitovu cha siasa. Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama kujadili muafaka wa Zanzibar. Kila Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, wageni huwa wengi, na anayetaka kukaa kimya kaburini achague siku nyingine. Nyumba za wageni ni nyingi zaidi Musoma, hivyo ni rahisi kulala huko na kupanda gari la asubuhi.