Azimio la Kaloleni na Sheria ya London

Upitapo katika mtaa wa Kaloleni, mashariki ya Nairobi, ewe msomaji, litazame jumba lake la mikutano. Humo, tarehe 23 Aprili 1950, wafuasi wa chama cha KAU na wa Kongresi ya Wahindi ya Afrika Mashariki walikutana. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alitoa azimio kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, nalo likakubaliwa. Haukupita mwezi naye akakamatwa, akawekwa kizuizini hata mwaka 1961.

Mwaka 1963 Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Uhuru wa Kenya. Sheria hiyo iliamuru kwamba tangu tarehe 12 Desemba Serikali ya Uingereza haitakuwa tena na dhamana ya kuitawala Kenya, wala sheria zitakazotungwa London baadaye hazitaihusu.

Je, ni Bunge lile lililotupa uhuru? Hapa yatupasa kupambanua. Waafrika walipowachagua wajumbe wao mara ya kwanza, Machi 1957, kura ilikuwa ya wenye elimu, mali au utumishi fulani, na baadhi yao walipewa kura hadi tatu. Mei 1963 ndipo kila mtu mzima alipopiga kura bila masharti hayo. Basi sheria ya London iliondoa mamlaka ya mgeni tu. Dai lenyewe lilikwisha kutamkwa Kaloleni, na aliyelitamka alilipa kwa miaka 11 ya kifungo.

Ukisoma sheria yoyote, uliza kwanza ni nani waliotangulia kuidai.